Jibu la Mwalimu Pacifique

Maiti ya Mwalimu Pacifique ilikutwa Jumapili asubuhi mbele ya mimbari ya kanisa dogo la Wakongo, mtaa wa Bertrams, Johannesburg. Alikuwa amelala kifudifudi, karatasi zake zimetawanyika sakafuni, nyingine zimelowa damu.

Kapteni Bushra Pandu alipewa kesi hiyo kwa kuwa alijua Kiswahili. Wazazi wake walitoka Tanga. Yeye alikulia hapa hapa Johannesburg. Nje, waumini walipanda ngazi, wakarudishwa, wakapanda tena. Hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

"Kapigwa kisogoni mara moja, kwa kitu kizito," alisema daktari wa polisi. "Jana, kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni."

Stendi ya maikrofoni ilisimama mahali pake. Tako lake la chuma lilikuwa limepanguswa likang'aa, ilhali kila kitu kando yake kilikuwa na vumbi.

Bushra aliokota karatasi moja moja. Ya kwanza ilibeba swali: Je, familia ya Borgia ingeweza kujenga dola ya kudumu Italia? Zilikuwa kumi na moja, zenye namba. Ya mwisho ilikatikia katikati ya sentensi.

Aliyemkuta marehemu alikuwa Héritière, mwanakwaya mwenye funguo za kanisa.

"Alikuwa mlinzi kwenye maghala ya Midrand," alisema. "Lakini kule Bukavu alifundisha historia chuo kikuu. Kila Jumamosi alitusomea hapa."

"Jana alisoma nini?"

"Habari za Papa wa Roma, yule wa familia ya Borgia, miaka mia tano iliyopita. Alimpa mtoto wake Cesare jeshi, naye Cesare akamtekia miji ya Romagna. Kisha Papa akafa ghafla, mtoto naye mgonjwa kitandani. Utawala ukavunjika." Héritière alishusha sauti. "Watu wote walikuwa wanamtazama Gradi."

"Gradi ni nani?"

"Mtoto wa Askofu wetu, Pitchou. Askofu amelazwa, ana kiharusi. Gradi anataka kiti chake."

"Mwalimu alimalizaje?"

"Hakumaliza. Umeme ulikatika. Akasema jibu atatusomea wiki ijayo. Lakini sisi tulishaelewa. Jibu ni hapana."

Bushra alikwenda nyumbani kwa mwalimu, Joubert Park. Robot zote, taa za kuongozea magari, zilikuwa zimezimika na magari yamesongamana njia panda. Alishuka, akamalizia kwa miguu.

Léocadie, mjane wa mwalimu, alikuwa ameketi kwenye cherehani. Mguu wake ulikanyaga, ukakanyaga, wala hapakuwa na kitambaa chini ya sindano.

"Pole sana, mama."

"Nilijua yuko zamu Midrand, mwanangu. Nikamwekea chai ya asubuhi."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Na swali lake tu. Miaka sita bwana yangu alisema hapana. Jana asubuhi akabadili." Alimpa Bushra daftari la mumewe. "Alicheka, akasema wote watashtuka. Hakumwambia mwingine."

Bushra alisoma: Wangeweza. Cesare aliwapa watu mahakama, na baadhi ya miji haikumwacha hata baba yake alipokwisha kufa. Kosa lake ni kuegemea kiti kisichorithiwa, badala ya watu waliokwisha kumpenda.

Mchana Gradi aliletwa kituoni. Alikuwa na miaka kama thelathini. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Jana uliondoka saa ngapi?"

"Umeme ulipokatika. Pamoja na wengine."

"Hukurudi?"

"Sikurudi."

"Wanasema mwalimu alikuaibisha."

"Hapana, Kapteni. Hakuwa adui yangu. Mwenyewe alisema Borgia wangeweza kudumu."

Bushra aliacha kuandika.

"Alisema lini?"

"Jana. Pale kanisani."

"Wenzako walitoka pale wakiamini jibu ni hapana. Jibu la mwalimu lilikuwa ukurasa wa kumi na mbili, na haukusomwa. Mkewe tu ndiye aliyelijua. Wewe uliusoma wapi?"

Gradi alitazama mlango.

"Una haki ya wakili," Bushra alimwambia.

"Wakili wa nini." Alijifuta uso kwa viganja. "Nilirudi kumwomba aache. Papa yangu, Askofu, alikuwa anamsikiliza yeye kuliko mimi. Alimshauri kiongozi achaguliwe kwa kura, na papa akakubali. Kanisa ambalo mimi nilibeba matofali yake. Halafu ananifanya kichekesho mbele ya watu."

"Yeye alisemaje?"

"Alisema, ngoja, sijamaliza. Akanipa mgongo, akainama kutafuta karatasi. Nikajua anataka kunisomea aibu nyingine. Stendi ilikuwa karibu."

"Ukapiga."

"Nikapiga."

"Na ukurasa?"

Gradi aliutoa kwenye mfuko wa ndani wa koti. "Nilitaka kuuchoma. Niliona jina langu. Nikausoma kwenye gari."

Bushra aliukunjua. Chini ya maneno aliyoyaona daftarini, mwalimu alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu: Gradi naye anaweza, watu wanampenda. Nimwonyeshe yeye kwanza, kabla ya wengine.

"Ndiyo karatasi aliyokuwa anaitafuta," alisema Gradi.