Jani la Saba

Saa nne asubuhi soko lilikuwa limefurika. Mikokoteni ilipiga makelele ya kupishwa, watu wakakanyagana na kuombana radhi, na katikati ya purukushani hiyo alisimama binti wa gauni la njano lenye madoa meupe, daftari mkononi, mbele ya meza ya majani makavu. Alizoea kuongea maabara, ambako kila kitu huitwa kwa jina lake. Basi akauliza kwa sauti ileile ya kazini:

"Samahani kaka, nina shida na kimelea cha zinaa. Kile kinachowawasha wanawake na kuwafanya watokwe na uchafu. Una dawa yake?"

Mama aliyekuwa akichagua vitunguu meza ya jirani aliacha kuchagua.

Muuza majani, kijana mrefu wa shati la bluu lililokunjwa mikono, vidole vimebadilika rangi kwa utomvu, aliizunguka meza mbiombio.

"Dada yangu, njoo huku pembeni," alinong'ona. "Usione haya, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Ila kwanza nenda hospitali wakupime. Halafu mwenzako naye atibiwe. Ukitibiwa peke yako ni kazi bure, atakurudishia uleule."

Maneno hayo binti aliyazoea kutoka kwa madaktari, si kwa muuza majani wa sokoni.

"Nani amekufundisha hilo?"

"Mama yangu. Amewatibu wanawake miaka arobaini."

"Mimi siumwi, kaka. Mimi ninavifuga."

"Unavifuga nini?"

"Vimelea. Maabara."

Kijana alimtazama juu hadi chini, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Binti akaona hana budi kueleza: vidonge vya hospitali vimeanza kushindwa kwa baadhi ya wanawake, vimelea vilivyotoka kwa wanawake hao yeye anavitunza kwenye vichupa, na kazi yake ni kuvijaribia maji ya mimea. Mimea sita imekwisha kushindwa.

"Na unavilisha?"

"Kila baada ya siku mbili. Hata sikukuu. Nisipokwenda vinakufa."

"Basi hao ni watoto! Shikamoo, Mama Vimelea."

"Na wewe nani?"

"Hapa wananiita Mizizi. Nipe namba yako, nikutafutie jani la mama."

Hakumpigia kwa ajili ya jani. Alimpigia jioni hiyohiyo kuuliza kama watoto wamekula, na kesho yake tena, na keshokutwa. Ikafika mahali simu isipolia saa kumi na mbili, binti anaikagua kama ina chaji.

"Nieleze wanafananaje," Mizizi alimwambia siku moja.

"Kama tone la maji lenye mikia minne. Na ubavuni kuna ngozi nyembamba inayopepea. Haitulii hata kidogo."

"Mmh. Mimi nimekaa na mama maisha yangu yote nikisikia habari za huyo mdudu, nikidhani ni kitu cha kutambaa. Kumbe ni mrembo?"

"Ni mrembo, mpenzi. Tatizo ni anakokaa."

Neno mpenzi lilikuwa limemponyoka. Mizizi akasema polepole, "Hilo la katikati rudia." Binti akakata simu, akacheka peke yake jikoni.

Lakini mambo hayakuwa ya kucheka sana. Mkuu wa maabara alikwisha kumwambia wazi: jani la saba likishindwa, kazi hiyo inafungwa mwisho wa mwezi, vichupa vinachemshwa na kumwagwa, naye anahamishiwa kitengo cha kupima maji, katika mji mwingine, safari ya siku nzima. Mizizi alipolisikia hilo aliuliza:

"Siku ngapi zimebaki?"

"Kumi na nane."

"Utalipata jani wiki hii hii. La mama mwenyewe, alilolikausha kwa mkono wake."

Siku ya tano akafika getini na mfuko wa karatasi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Binti alitoka na koti lake jeupe, akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Akaandika kwenye daftari jina la mama na siku ya kuvunwa, kwa sababu hakutaka ujuzi wa mtu upotee njiani. Kisha akayasaga majani, akayaloweka kwenye spiriti, akayachuja, akaikausha spiriti yote isije ikaua vimelea yenyewe na kumdanganya. Akavitia vimelea pamoja na maji ya jani kwenye sahani ya vishimo, akaiweka kwenye kabati la joto lenye joto la mwili wa mtu.

Kesho yake akainamia hadubini. Vilikuwa vikiogelea. Vimeongezeka, tena kwa furaha.

Alirudia mara tatu. Mara ya tatu alimpigia Mizizi simu bado amevaa glavu.

"Majani yako ni takataka."

"Unasemaje?"

"Hayana kitu. Hata maji ya bomba yangefanya zaidi. Wanawake miaka arobaini wamekunywa nini?"

Yalimtoka kwa uchungu wa kuhama, na alijuta kabla hajamaliza.

"Nitukane mimi," Mizizi alisema, sauti imepoa. "Mama yangu usimguse." Simu ikakatika.

Siku sita simu haikulia. Binti alilisha vimelea vyake, akapanga nguo kwenye sanduku, akazitoa, akazipanga tena. Alitaka kupiga, kidole kikafika kwenye namba, moyo ukakataa. Alijua amemkosea. Alihisi pia amedanganywa, ila hakujua wapi.

Siku ya saba mlinzi akampigia: kuna mama getini, hataki kukaa, hataki maji, anamtaka Mama Vimelea.

Alikuwa mwanamke mfupi wa kitenge cha kijani, mfuko begani, uso wa mtu asiyepoteza wakati. Nyuma yake alisimama Mizizi, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeitiwa mzazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa kwa binti yangu, amejifungua. Nimerudi jana nikakuta mkeka wangu juu ya bati." Akageuka. "Sema mwenyewe."

Mizizi akasugua vidole vyake. "Niliyavuna mimi. Nikayaanika juani, juu ya bati. Yakakauka siku mbili."

"Mama huyakaushaje?"

"Ndani, kivulini, wiki tatu," mama alidakia. "Jani hili halitaki jua hata la dirishani. Likiliona, linabaki nyasi. Na anajua! Nimemfundisha tangu hajaota meno ya ukubwani!"

"Sasa kwa nini, Mizizi?"

"Wiki tatu ungekuwa umeshaondoka," alisema, akimtazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa sina akili. Nilitaka ubaki."

Binti alitaka kukasirika, hasira ikamkimbia. Mtu aliharibu jambo zima kwa haraka ya kumzuia asiende. Akamgeukia mama, akapiga goti.

"Mama, nilitoa maneno mabaya juu yako. Nisamehe."

"Maneno yako ningeyasema mimi kama ningepewa nyasi. Inuka. Nimekuja na yangu, nilikuwa nimesafiri nayo yote." Akafungua mfuko. Majani yaliyotoka humo yalikuwa bado na rangi ya kijani na harufu kali iliyofika hadi kwa mlinzi.

Zilibaki siku mbili.

Safari hii binti alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mimea sita iliyotangulia. Mizizi alikuwa ameruhusiwa kukaa kwenye kiti karibu na mlango, koti jeupe la kuazima likimbana mabega, alipomsikia akimwambia mwenzake wa meza ya pili, mwanamume mnene aliyependa kuimba kazini:

"Vipange vishimo wewe. Kipi kina jani, kipi kina kidonge, kipi hakina kitu. Andika kwenye karatasi, uifiche. Nisijue chochote mpaka nimalize kuhesabu."

"Tangu lini huyaamini macho yako?"

"Tangu yalipokuwa macho ya mtu anayependa. Nitaona kilichokufa hata kama kinaogelea."

Mwenzake aliacha kuimba. Mizizi akasimama, kiti kikaanguka.

"Umesema nini?"

"Okota kiti," alisema, masikio yakimuwaka moto. "Umesikia vizuri."

Kesho yake mchana walikusanyika wote, pamoja na mkuu wa maabara aliyesimama mikono kifuani. Binti alihesabu kishimo kwa kishimo, midomo ikitikisika, akiandika tarakimu bila kuinua kichwa. Alipomaliza alisema, "Fungua karatasi." Mwenzake akaifungua, akasoma, akaisoma tena kwa sauti ndogo. Vishimo vitatu vilivyokuwa vimenyamaza kabisa ni vya jani.

Mkuu wa maabara alihesabu upya mwenyewe, akavua miwani, akaifuta, akasema kazi hiyo isifungwe.

"Ni kwenye kisahani tu," binti alisema. "Mwilini hatujui. Hatujui kama ni salama. Inaweza kuchukua miaka."

"Naomba kumwona," mama alisema.

Walimletea kiti kirefu. Binti akamwekea kwanza kile kishimo kisichotiwa dawa, akamshikia mkono kumwonyesha pa kugeuza. Mama akafumba jicho moja, akainama. Muda ukapita. Mwanga wa hadubini ulimuangaza shavuni.

"Kumbe ni wewe," alinong'ona. "Miaka arobaini napigana na wewe, sijawahi kukuona uso. Mungu wangu, tazama anavyokwenda! Mdogo hivi, na amewaliza wangapi!" Machozi yalidondoka juu ya meza naye hakuyafuta.

Binti alikuwa akimtazama mdudu huyo kila siku, na ilikuwa miaka tangu amshangae. Sasa alisisimka mwili mzima. Akaweka kishimo cha jani. Mamia ya matone madogo yalikuwa yametulia tuli, mikia imekufa ganzi, kwa sababu ya majani yaliyolala wiki tatu ndani ya nyumba ya mwanamke huyu.

Mizizi alisogea, akamshika binti mkono, glavu na vyote.

"Nataka kukuoa," alisema. "Sikuchagua mahali, limenitoka tu."

"Hapa? Mbele ya mkuu wangu wa kazi?"

"Na mbele ya mama yangu. Nikubalie."

"Unaapa hutanidanganya tena? Hata kwa mapenzi?"

"Hata kwa mapenzi."

Alianza kuivua glavu ili amshike vizuri. Meza ikatikisika, kwa kuwa alikuwa ameiegemea kwa nyonga.

"Mwanangu," mama alisema bila kuinua jicho, "mkubalie au mkatae, ila msinitikisie meza. Bado natazama."