Kakakuona Ndani ya Pipa

Asubuhi ile Thadeo na mkewe Bibiana walikuwa wanafunga mizigo chumbani kwao Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huko China. Mvua haikuwa imekatika kwa siku tano. Marobota ya jinzi kutoka soko la Zhanqian yalijaa mpaka mlangoni. Bibiana alikalia robota, Thadeo akavuta kamba.

Simu ikalia, Thadeo akaipokea kwa spika. Alikuwa Cornel, mdogo wake, kutoka kijijini kwao karibu na Kahama.

"Kaka, tumempata kakakuona! Shambani kwako. Tumemtia kwenye pipa."

"Amechagua nini?"

"Hajachagua. Leo siku ya tatu. Tunamtoa, tunamwekea maji, mtama na mshale. Anajikunja tu kama mpira. Wazee wanasema shamba ni lako, bila neno lako haondoki."

Kwao, kakakuona akiyaendea maji, watu hutegemea mvua. Akiuendea mtama, mavuno. Mshale ni vita. Mwaka uliopita mvua haikunyesha, na watu walilala njaa.

"Asitoke mpaka achague," Thadeo alisema.

Jirani yao Shedrack alisimama mlangoni, mswaki mkononi. Kabla ya biashara alikuwa askari wa wanyamapori.

"Muulize kama ana kifaa cha kumfuatilia kwenye gamba."

Cornel alisema kipo, kidogo, cheusi.

"Huyo ni wa mradi wa kuwalinda kakakuona," Shedrack alisema. "Walanguzi walinyang'anywa, akatibiwa, akarudishwa porini. Wamebaki wachache. Magamba yao yanauzwa humu humu mjini, kwenye magunia, eti dawa. Umeyaona."

Thadeo alikuwa ameyaona.

"Sisi hatumuui. Tunamuuliza mvua tu."

"Kwani yeye ofisi ya hali ya hewa? Anakula mchwa na sisimizi, tena wa kujitafutia. Mtama haujui. Anajikunja kwa hofu. Mkimweka, njaa itamuua."

"Ni mila ya baba yangu. Akiondoka hivi hivi na mvua ikakosekana, watasema ni mimi."

"Watasema," Bibiana alijibu. Alishuka kwenye robota. "Jana chakula kilichelewa kwa saa mbili tu, ukamtukana dereva. Huyo ana siku tatu, Baba Felisia. Mwambie amwachie."

"Mwachieni, Cornel," Thadeo alisema. Kisha akampa Shedrack simu.

"Mfunikeni kwa gunia," Shedrack alisema. "Msimmwagie maji. Msimkunjue kwa nguvu. Waiteni watu wa mradi, arudi pale pale alipookotwa."

Jioni Cornel alipiga tena.

"Wamefika. Wamesubiri mpaka akajikunjua mwenyewe. Ni jike, kaka. Alikuwa amemkumbatia mtoto tumboni. Mtoto amekufa. Mama anapumua."

Thadeo hakufunga mzigo tena siku ile.

Jumapili, baada ya ibada, alisimama mbele ya wenzake wa kutoka nyumbani.

"Nimeua mtoto wa kakakuona kwa simu," alisema. "Nilikuwa hapa hapa, nimekaa. Pigeni kwenu. Waambieni wakimwona wasimtie kwenye pipa. Wawaite watu wa mradi."

Mmoja alicheka. Wengine walitoa simu zao.

Mwezi uliofuata Cornel alileta habari. Kichuguu cha mpakani mwa shamba kilikuwa kimechimbwa, na alama za makucha zilikuwa mbichi. Wazee wenyewe ndio waliowaonyesha watu wa mradi. Hakuna aliyemfuata na pipa.

"Na mvua?" Thadeo aliuliza.

"Bado, kaka."

"Basi tazameni mawingu. Yeye mwacheni ale."