Rafiki Yangu Aliianika Siri ya Mjane Maktabani

Nina umri wa miaka thelathini na sita, naishi Njiru na binti yangu. Wasomaji wenzangu, naandika haya kwa hasira... Nisiposema nitapasuka!

Kwa miaka mingi nilikusanya habari za mwandishi mmoja wa riwaya aliyeishi na kufia Makadara. Niliwahoji majirani zake, hata kinyozi wake. Lakini aliyenifungulia moyo ni mjane wake, Mama Akinyi. Tulikuwa tukichambua sukuma wiki jikoni kwake huku akisimulia. Siku moja alinieleza kwamba mumewe alikata roho nyumbani kwa mwanamke mwingine, naye Mama akawaficha watu wote jambo hilo, hata watoto wake.

"Hii uiweke, mwanangu," aliniambia. "Lakini isisomwe na mtu mpaka mnizike."

Nilimwapia. Maneno yale nikayaandika na kuyatia katika bahasha ya peke yake, nikaifunga kwa gundi, na juu yake nikaandika kwamba isifunguliwe Mama akiwa hai.

Kisha mvua ikaja, maji yakaingia kwangu hadi magotini. Nilimpigia nani simu? Jerusa! Rafiki yangu tangu chuoni, mhadhiri, aliyemsimamia binti yangu ubatizo... Akaja na gari, akabeba masanduku yote ya utafiti akayahifadhi kwake Buruburu. Nilimshukuru hadi machozi. Kumbe nilimkabidhi fisi bucha!

Nyumba ilipokauka nikamwomba masanduku yangu. Kila mara alikuwa na udhuru. Halafu akanialika maktaba ya chuo chake, ati kuna sherehe. Nikavaa vizuri nikaenda kumshangilia, mjinga mimi! Nilikuta mwandiko wangu ndani ya kabati la kioo, na juu yake jina lake: Mkusanyo wa Utafiti wa Daktari Jerusa. Bahasha ilikuwa imepasuliwa, karatasi zake zimechanganywa na nyingine, asome atakaye.

Nilimvuta kando. Alicheka!

"Lavi, wacha drama. Hizo makaratasi zingeozea tu kwako."

Nikamkimbilia mkutubi. Nikamsihi aondoe karatasi za ile bahasha tu, jina langu sikulijali tena. Akanijibu kwa upole kuwa aliyeleta mkusanyo ndiye mwenye kauli juu yake, na mimi hawanitambui. Hawanitambui! Kazi yangu, usingizi wangu, kiapo changu...

Haikuchukua muda, mwanafunzi mmoja akaisoma habari ile na kuitia mtandaoni. Watoto wa Mama Akinyi wakaipata kwenye simu zao, mbele ya watu. Nilienda Makadara kuomba radhi. Mama alisimama mlangoni, hakunikaribisha. Nilipoanza kumlaani Jerusa, alinikatiza.

"Huyo Jerusa simjui. Mimi niliambia wewe."

Akafunga mlango.

Jerusa amepandishwa cheo. Mchungaji ananihimiza nimsamehe. Nimsamehe kwa lipi? Hata pole hajasema!

Ninyi mnaokusanya maneno ya wazee, nawasihi: mtu akikuamini kwa siri yake, ibebe kichwani hata maji yakikufika shingoni. Usimpe mwingine akuhifadhie, hata kama mmekula sahani moja. Mimi kila Jumapili hubisha mlango ule wa Makadara. Nasikia redio ndani, lakini hakuna anayekuja kufungua.