Ukaguzi Uliomshinda Nikifor

Jamani, hakuna mahali pabaya pa kukutana na mwanaume kama kaunta ya ndege ndogo pale Bethel, kaskazini kwenye theluji! Ukumbi umefurika, mtoto analia, mbwa yumo kwenye kreti ananguruma, maboksi ya pampasi na soda yamepanda mpaka dirishani, halafu shangazi Agafia wa kaunta anakuuliza kwa sauti ya kanisani:

"Una uzito wa ratili ngapi, binti?"

Na lazima ujibu, maana kindege chenyewe cha injini moja hakibebi siri ya mtu.

"Mia na thelathini," Olinka akanong'ona. Alikuwa amevaa qaspeq mpya ya zambarau, ile kanzu ya kwao ya kofia na mfuko mpana tumboni, na juu yake parka, koti zito la baridi, iliyotuna kama ana mimba ya mapacha.

"Mia na thelathini wewe peke yako," sauti ikasema nyuma yake, "au wewe na huyo samaki?"

"Samaki gani?"

"Huyo anayechungulia shingoni kwako."

Watu wakaangua kicheko. Olinka akageuka na moto usoni, akitaka kumtukana mtu, akakuta rubani mwenyewe. Nikifor Alexie. Mrefu, glovu za manyoya ya biva, mnyama wa mtoni, macho yanayocheka kabla ya mdomo. Tusi lote likayeyuka.

Nikifor akampa kiti cha mbele, kando yake.

"Unaogopa?"

Olinka akakunja pua: hapana.

"Nikikupigia jioni utapokea?"

Olinka akainua nyusi. Kwao nyusi zikipanda ni ndiyo, na mtu aliyelelewa vizuri hapotezi pumzi kwa zaidi ya hapo.

Basi, simu zikaanza! Olinka alikuwa mwalimu shule ya kijiji chao, huko juu mtoni. Akimaliza kusahihisha madaftari tu, simu hiyoo.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula supu ya samaki. Na wewe?"

"Biskuti na upweke."

"Ongeza siagi basi."

"Una roho mbaya wewe mwanamke, na mimi ndio nimekufa nimeoza."

Mapenzi yalinoga kijiji kizima kikajua. Ndege nyekundu ya Nikifor ikilia juu ya mapaa, wanafunzi walikuwa wanamwambia, "Mwalimu, wako huyo," naye anajifanya anatafuta chaki.

Sasa sikia balaa lilivyoingia. Jioni moja Nikifor akapiga simu, na hakuwa na utani hata kidogo.

"Olinka, kuna kampuni kule mbali Fairbanks wananitaka. Ndege kubwa za mizigo. Mimi siitaki hiyo kazi kama nina sababu ya kubaki. Nataka nikuoe. Unanikubali?"

Olinka alikuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. Machozi yakamwagika, na nyusi, jamani, nyusi zikapanda mpaka zikakaribia nywele! Aliziinua, akaziinua tena. Moyo wake wote ulikuwa kwenye zile nyusi.

Upande wa pili Nikifor hasikii kitu.

"Haya," Nikifor akasema polepole. "Nimekuelewa. Samahani kwa usumbufu."

"Nikifor? Nikifor!"

Simu ilishakatwa. Akapiga, wapi. Upepo ulikuwa umeshaangusha mtandao, na theluji ikapiga siku baada ya siku, ndege haiji, simu haishiki. Alishika simu yake kama mtu aliyeshika ndege aliyekufa. Mtandao uliporudi, aliyempigia alikuwa binamu yake wa Bethel.

"We Olinka, umemfanya nini yule kaka wa watu? Kaikubali kazi ya Fairbanks. Leo ndiyo safari yake ya mwisho hapa!"

Hakusubiri asikie mengine. Kaka yake akawasha pikipiki ya theluji, wakaufuata mto ulioganda mpaka Bethel, upepo unamchana mashavu, na njia nzima anarudia neno moja tu ndani ya skafu yake.

Alipoingia ukumbini hata kope zilikuwa zimeganda. Nje, kando ya ndege nyekundu, Nikifor alikuwa anafunua blanketi linaloifunika injini isigande. Olinka akaukimbilia mlango. Shangazi Agafia akamdaka mkono.

"Thubutu! Anakagua."

"Shangazi, neno moja tu!"

"Rubani anayekagua haongeleshwi. Ukimkatiza, anasahau kitu, wanakufa watu. Kaa hapo."

Olinka alijua. Kila mtu pale alijua. Kila ukoo una mtu wake aliyeondoka na ndege asirudi. Basi akasimama dirishani, neno limejaa mdomoni, na hana la kufanya.

Nikifor akafagia barafu juu ya bawa. Akainama, akakinga petroli kwenye kichupa, akakiinua kwenye mwanga kutafuta tone la maji. Akapapasa pangaboi la puani mwa ndege kwa kiganja. Akasimama. Akatikisa kichwa, akarudi bawani, akaanza upya.

Bawa, kichupa, pangaboi. Akasimama tena. Akarudi tena.

Mzee Ephraim, aliyekuwa amekalia boksi lake la pampasi za wajukuu, akachoka.

"Huyu kijana anaikagua hiyo ndege au anaitongoza?"

Hakuna aliyecheka sana. Olinka akainua kidole agonge kioo, kikaishia hewani.

Mara mlango ukafunguka, Nikifor akaingia na baridi yake yote.

"Shangazi, mwite rubani mwenzangu Tim arushe."

"Ndege ina nini?"

"Ndege ni nzima." Akaweka kichupa juu ya kaunta. "Mbovu ni mimi. Nafika kwenye pangaboi sikumbuki kama nimeangalia mafuta. Siwezi kuwapandisha watu hewani na kichwa hiki."

Shangazi akamwita Tim kwa redio, na ndipo Nikifor akamwona Olinka.

"Umefuata nini?" akauliza, sauti imekauka. "Si ulininyamazia?"

"Sikunyamaza! Niliinua nyusi!"

"Uliinua nini?"

"Nyusi! Mpaka zikauma!"

"Kwenye simu, mwanangu?" akasema mzee Ephraim, na ukumbi mzima ukalipuka, mbwa naye akabweka.

Nikifor hakucheka. Alikalia boksi la soda lililokuwa karibu.

"Olinka, nimeshawapa neno langu. Jumatatu wananisubiri. Ndege yangu kapewa Tim."

"Najua."

"Na wewe huwezi kuwaacha watoto wa shule katikati ya mwaka."

"Siwezi."

Nje Tim alishaanza kufagia bawa. Shangazi Agafia akajitia kupanga tiketi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nikienda nikakuomba unisubiri," Nikifor akasema, "utanijibu nini?"

"Ndiyo," Olinka akasema kwa mdomo, kwa sauti, na mtoto aliyekuwa analia akanyamaza kumsikiliza. "Ndiyo ya kukusubiri, na ndiyo ya kunioa. Umesikia, au nirudie?"

"Rudia."

"Ndiyo!"

Nikifor akavua glovu, akamshika. Mkono ulikuwa wa baridi kama chuma na unanuka petroli. Olinka akauweka shavuni hivyo hivyo.