Mpiga Ngoma Aliyesinzia Ukumbini

Ndugu zangu wa Batusari, upande huu wote wa wilaya yetu ya Gianyar hakuna kijiji kilichokuwa na mpiga ngoma kama wetu. Alasiri, Nengah Suwirya akikaa ukumbini na ngoma ya kuongoza mapajani, wapiga vyombo vya shaba wote walitazama mikono yake tu, na akina mama waliokuwa wakisuka sadaka za makuti walitikisa vichwa bila kujijua. Tulijivuna, kwa nini tusijivune?

Siku moja, katikati ya mazoezi ya sherehe ya kuchonga meno ya vijana, akiwemo binti yake Kadek, ngoma ikanyamaza. Shaba zikagongana ovyo. Suwirya alikuwa amelala, kidevu kifuani, anakoroma.

"Baba Kadek!" akafoka Rundah, kiongozi wa kikundi. "Meno yako yalichongwa na nani, mbona uvivu ulibaki?"

Watu wakaangua kicheko. Kwetu meno huchongwa ili maovu ya moyoni yapungue makali, basi utani ule ulimchoma Suwirya hadi mfupani.

"Hii mara ya tatu," Rundah akaongeza. "Ukisinzia tena, Darma, mpiga ngoma wa pili, ndiye ataongoza siku ya binti yako."

Nyumbani, mkewe Sariani hakumbembeleza. "Uvivu wapi! Unakoroma, halafu kimya, hupumui. Nakutikisa ndipo unashtuka unatweta. Nenda kwa Komang."

"Mimi nalala fofofo."

"Wewe unalala, mimi ndiye nakesha!"

Komang Widiari, daktari wa meno, ni mzaliwa wa hapa hapa. Lakini Suwirya alishika lake: meno yake yalichongwa na kuhani, yalikwisha kamilika, daktari ayaguse ya nini? Hapo ndipo alipokosea, na tusimcheke, maana wengi wetu tulikosea pamoja naye. Miaka ishirini na mitano hakuwa amefunua kinywa mbele ya daktari.

Hata hivyo, kunyang'anywa ngoma mbele ya mwanawe asingeweza kustahimili. Akaenda.

Komang alimulika kinywa, akakikagua. "Mjomba, meno ya nyuma yamesagika, ulimi una alama za meno pembeni, na taya la chini limekaa nyuma. Unakoroma?"

"Mama Kadek amekutuma, siyo?"

"Kinywa chako ndicho kinachosema, mjomba."

Hakubahatisha. Alimpeleka kwanza hospitali, akapimwa akiwa usingizini, na ikaonekana pumzi yake hukatika mara ishirini kwa saa. Daktari wa huko akakubali kwamba kifaa cha mdomoni kingemfaa. Komang akaziba jino lililooza, akachukua umbo la meno, akatengeneza kifaa cha kuvaa wakati wa kulala. Husogeza taya la chini mbele kidogo, ulimi usizibe njia ya hewa. Wiki ya kwanza taya liliuma na mate yalimtiririka kama mtoto anayeota meno. Alirudi, kikarekebishwa, hakukitupa.

Miezi mitatu baadaye ilifika siku yenyewe. Darma alikaa karibu na Suwirya, mikono tayari. Hakupata nafasi. Ngoma ililia tangu asubuhi hadi jua la utosi, na wageni wa vijiji jirani wakaulizana huyu bwana ni nani. "Wa kwetu," tulijibu. "Na daktari wake pia wa kwetu!"

Kadek alipoinuka kwenye mito aliyolazwa, meno yamekwisha chongwa, alimtafuta baba yake kwa macho kabla ya mtu mwingine yeyote. Alimkuta macho makavu hayana usingizi hata chembe, kisha yakajaa machozi.

FUNZO

Mtu anayekoroma kwa nguvu, akakatika pumzi na kusinzia mchana, msimwite mvivu wala msimcheke. Ni mgonjwa, na ugonjwa huo huua. Mpelekeni apimwe, na daktari wa meno amwangalie kinywa, maana huenda msaada ukaanzia hapo. Sherehe huyapa meno heshima, haiyapi matibabu. Sisi Batusari tulikaribia kumpoteza mtu tuliyejivunia kuliko wote, huku tukicheka.