Mguu Usiosikia Maumivu

Mtaa mzima haukuwa na nyumba safi kama ya Dobi. Ungeweza kula sakafuni bila sahani. Haya, tusiongeze chumvi: ungeweza kula kwenye sakafu ya chumba cha mbele. Chumba cha nyuma hata panya alikipita amekunja pua.

Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Kulikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, kamba tatu, na mashuka ya watu yamekunjwa na kupangwa kama matofali. Dobi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa. Wateja walimpenda kwa sababu nguo zao zilirudi zikinukia sabuni na jua.

Chumba cha nyuma, ng'ambo ya pazia, kilikuwa cha mume wake. Watu walimwita Chuma. Alikuwa fundi mwashi, na jina hilo alilipata kazini. Wenzake walivaa mabuti. Yeye alikanyaga zege bichi peku. Saruji mbichi huunguza ngozi, lakini Chuma hakusikia kitu.

"Njooni mguse!" aliwaambia wenzake. "Huu si mguu, ni nguzo."

Wenzake walimpigia makofi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mguu wa mtu usiungue.

Kulikuwa na mambo mengine. Chuma alikuwa anakunywa maji kopo kwa kopo, na bado kiu haikumwisha. Alienda haja ndogo kila mara, hadi mama yake mzazi, aliyekaa nao, akamuuliza, "Mwanangu, wewe ni mtu au bomba limepasuka?" Mwili nao ulipungua. Mkanda wake ulitobolewa matundu mawili mapya. Wote watatu walisema ni uchovu wa kazi.

Kisha saruji ikamla unyayo wa mguu wa kulia. Ilichimba shimo dogo kama kifungo cha shati, chini ya kidole gumba. Hakuumwa, kwa hiyo hakujali. Alifunga kitambaa akaendelea na kazi siku tisa. Siku ya kumi shimo likaanza kunuka, akabaki nyumbani.

Siku hiyohiyo mtu akabisha.

"Hodi wenyewe!"

Dobi alivuta pazia haraka. "Karibu!"

Aliingia mama wa makamo, mwavuli mweusi mkononi, mkoba begani. Mtaani walimwita Sista Mwavuli. Alikuwa muuguzi wa afya ya jamii. Siku mbili kwa wiki alikaa zahanati. Siku tatu alitembea nyumba hadi nyumba.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo, sista. Ila umepotea. Kwetu hakuna mgonjwa."

"Sijapotea. Mwenye mgonjwa atanitafuta mwenyewe. Mimi nawatafuta ambao bado hawajaugua."

Mama mkwe akacheka. "Makubwa! Fundi anayekuja kutengeneza paa lisilovuja!"

"Mwenye paa hilo halowi, mama," alijibu sista. "Mnaishi wangapi?"

"Watatu," alisema Dobi.

"Na baba wa nyumba yuko wapi?"

"Kazini."

"Hajambo?"

"Chuma? Yule haugui. Muulize mtu yeyote."

Nyuma ya pazia Chuma alibana pumzi. Mama mkwe aliangalia dari kana kwamba limeandikwa kitu.

"Nina kipimo cha sukari," alisema sista. "Natoa tone moja la damu kwenye kidole. Nikupime, mama?"

"Sukari yangu iko kwenye kikombe cha chai. Kapime huko."

Sista alitabasamu. Alikuwa na nyumba nyingine kumi na moja siku hiyo. Akaandika kwenye daftari lake: watu watatu, wote wazima. Akaondoka.

Mama mkwe alisubiri mwavuli upotee kwenye kona. "Mkwe wangu, kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini, mama? Kwamba mashuka ya watu nayakunja hatua nne kutoka kwenye kidonda kinachonuka? Kesho mtaa mzima ungejua. Keshokutwa kamba zangu zingekuwa tupu."

"Wauguzi hawasemi siri za watu."

"Muuguzi ana mdomo kama mimi na wewe."

"Kama wewe," alisema mama mkwe. "Mimi nimenyamaza."

Baada ya wiki mbili sista alirudi. Mara hii harufu ilikuwa imepita pazia na kufika meza ya pasi. Dobi alikuwa amemwaga sabuni ya unga sakafuni hadi macho yakawasha.

"Leo sabuni ni nyingi," alisema sista.

"Ni mashuka ya watu, sista."

"Na baba wa nyumba?"

"Amesafiri."

Sista alisimama kidogo, akalitazama pazia. Kisha akatazama saa yake. Akaondoka.

Siku ya tatu baada ya hapo Chuma alipata homa kali. Alianza kuongea na ukuta, akiuamuru usimame wima. Majirani walimbeba kwa mkokoteni hadi hospitali. Mtaa mzima ulitoka kuangalia, na mtaa mzima ulinusa.

Daktari alisema sukari imepanda sana katika damu, na nyama ya mguu imeoza.

"Sukari?" Dobi alishangaa. "Huyu hata pipi hali!"

Daktari hakuwa na nafasi ya kueleza. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yake hadi nje. Jioni ile Chuma alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti.

Alikaa wodini mwezi mzima, akarudi nyumbani na magongo mawili, mfuko wa vidonge na karatasi yenye mwandiko uliolala. Hospitali ilitibu mguu. Mguu ukabaki hukohuko. Aliyerudi alikuwa mtu, na hakuna nyumbani aliyejua la kumfanyia.

Na zile kamba tatu? Mbili zilikuwa tupu. Dobi alidanganya ili asipoteze wateja. Alipoteza wateja, na mguu wa mume wake juu yake.

Sista Mwavuli alikuja mara ya tatu. Dobi hakumkaribisha kwa maneno. Aligeuza beseni akamwekea kama kiti.

"Anza tu, sista. Nigombeze. Nilikudanganya mara mbili."

Sista alikaa. "Ulinidanganya. Nami nilikubali kudanganywa, maana nilikuwa na haraka. Siku ile ya sabuni nilijua inaficha kitu. Niliogopa kuchelewa nyumba inayofuata. Sina ubavu wa kukugombeza."

Dobi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa maneno hayo hakujiandaa.

"Ungeuona siku ya kwanza, mguu ungepona?"

"Siku ya kwanza? Huenda ungepona. Siku ya pili sijui."

Dobi alikunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa tayari. Alitamani naye angedanganywa.

Chuma alisema kutoka kitandani, bila kugeuka, "Sasa umefuata nini? Mguu haupo. Kazi yako imekwisha."

"Ya mguu ule imekwisha, baba. Mimi sikuja kwa ajili ya mguu. Hospitali inakuona ukiwa kitandani kwao. Mimi nakuona kwako: unalala wapi, unakula nini, nani anakuletea maji. Mgonjwa wangu si wewe peke yako. Ni nyumba hii yote."

"Mimi usinitie humo," alisema mama mkwe. "Mimi si mgonjwa, mimi ni mzee."

"Lete kidole, mama."

"Nimekwambia sukari yangu..."

"Mama!" Chuma aligeuka. "Toa kidole."

Mama mkwe alitoa kidole kama mtu anayetoa jino. Kipimo kilisoma. Sista alikitazama mara mbili.

"Mama, na yako imepanda. Tutapima tena zahanati kuhakikisha. Lakini wewe tumekukuta mapema. Bado una miguu yote miwili. Tuanzie hapo."

Mama mkwe aliitazama miguu yake, mmoja baada ya mwingine, kama anayeihesabu.

Sista aliwaeleza polepole. Kisukari si ugonjwa wa wala pipi peke yao. Ni mwili kushindwa kuitumia sukari, basi inabaki kwenye damu. Dalili zake ni kiu isiyoisha, haja ndogo kila mara, kukonda na kuchoka. Ikikaa muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu. Miguu hufa ganzi.

"Kwa hiyo nguzo ile..." Chuma alianza.

"Haikuwa nguvu, baba. Ulikuwa ugonjwa. Maumivu ni mlinzi. Wako alikuwa amekufa, na watu wakakupigia makofi."

Chuma aliutazama mguu uliobaki kama anayemtazama mgeni aliyemwibia.

"Na huu?" aliuliza Dobi.

"Huu nao una ganzi. Hauwezi kujisemea, kwa hiyo lazima utazamwe kila siku, juu, chini na katikati ya vidole. Uoshwe kwa maji ya uvuguvugu, na maji yajaribiwe na mtu mwenye mkono unaosikia. Ukaushwe vizuri. Asitembee peku hata ndani. Akiona lengelenge, mchubuko au doa, aje zahanati siku hiyohiyo. Asingoje maumivu, maana hayatakuja. Na vidonge kila siku."

Dobi alingoja amri zaidi. Hazikuja.

"Mimi siishi hapa," alisema sista. "Niambieni nyinyi. Lipi mtaliweza, na nani atalifanya?"

Walibishana sana. Mama mkwe alisema kuacha sukari kabisa hawezi, atakufa kwa hasira kabla ya ugonjwa. Alikuwa anatia vijiko vinne. Walianza na kimoja, na baada ya wiki mbili hata hicho kikaondoka, naye akanuna siku saba. Dobi alichukua kazi ya kujaribu maji na kuhesabu vidonge. Chuma alipewa kioo kidogo, ajitazame unyayo mwenyewe kila asubuhi.

"Nijitazame unyayo kama bibi harusi?" alinung'unika.

"Bibi harusi huenda kwa miguu miwili," alisema mama yake. "Jitazame."

"Na wewe sista, utakuwa unatufuata hivi hadi lini?" aliuliza Dobi.

"Hadi nipite hapa nikute hamnihitaji. Hilo ndilo lengo langu."

"Sasa utakula wapi?" aliuliza mama mkwe.

"Nyumba ni nyingi, mama."

Sista hakuishia kwenye nyumba. Alifika hadi kwenye jengo ambako Chuma alikuwa anafanya kazi, akamwomba aende naye. Chuma alikataa mara tatu. Mara ya nne alikwenda, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akakunja suruali. Wenzake walikitazama kigutu chake. Hakuna aliyepiga makofi.

"Nani mwingine mguu wake hausikii?" aliuliza.

Mikono miwili ilipanda, taratibu. Mmoja wao alikuwa na kidonda kipya kisiginoni. Kilisafishwa, sukari yake ikatibiwa, na baada ya wiki tano kilifunga. Msimamizi wa jengo alileta mabuti kwa wote na pipa la maji safi ya kuoshea miguu. Chuma alipewa kazi ya kukata vigae akiwa amekaa. Alishukuru, lakini si kwa sauti.

Miezi minne ilipita. Kigutu kilikuwa kimepona. Sukari ya mama mkwe ilikuwa imeshuka, na ulimi wake ulikuwa umepanda. Kamba ya pili ya Dobi ilijaa tena. Ya tatu haikujaa, na huenda haitajaa.

Alhamisi moja sista alipita. Chuma alikuwa kitini, kiatu mguuni.

"Unyayo unautazama, baba?"

"Kila siku, sista. Leo nimeutazama mara mbili."

"Ukoje?"

"Safi kama sahani. Hauna hata doa."

"Na jana?" aliuliza Dobi kutoka kwenye pasi.

"Jana vilevile."

"Na juzi?"

"Na juzi! Mke wangu, mbona unanihoji kama polisi?"

Dobi aliweka pasi pembeni. Alichuchumaa, akamvua kiatu, akauinua mguu ili sista auone.

Katikati ya unyayo kulikuwa na kuku. Alichorwa kwa wino mweusi, ana kishungi, ana mkia, na jicho moja kubwa.

Mama mkwe alisogea karibu. "Kuku ana miguu miwili," alisema. "Amekuzidi."

"Nani amenichora?" Chuma alifoka.

"Mimi," alisema Dobi. "Jumatatu, ulipolala mchana. Kwa wino ninaotia alama kwenye nguo za wateja, hautoki kwa sabuni. Nilikandamiza kalamu kwa nguvu. Nilichora hadi manyoya. Hata hukukunja kidole."

Sista hakucheka.

Dobi alichukua kioo, akakifuta vumbi kwa aproni, akakishika chini ya unyayo.

"Umeutazama mara mbili leo," alisema. "Haya, sasa utazame mara ya kwanza."