Mgeni wa Siku Tatu kwa Bi Joha

"Umejuaje kwamba mlango huu unainuliwa kwanza ndipo unasukumwa?"

Yusrah aliganda, sufuria mkononi. Mlango wa jikoni ulikuwa umeshafunguka bila kelele. Dakika mbili kabla yake Abubakari alikuwa ameusukuma kwa bega, kwa goti na hata kwa maneno, ukagoma.

"Nimebahatisha tu, Abuu."

"Na swichi ya korido? Iko nyuma ya kabati. Mimi niliitafuta mpaka nikakata tamaa, wewe ukapeleka mkono moja kwa moja."

"Nyumba za zamani zote ndivyo zilivyo."

"Na bomba la bafuni? Uliniambia la moto ndilo linatoa ya baridi kabla hujaingia humo bafuni."

Yusrah akajifanya anatafuta chumvi. Chumvi alijua ilipo, rafu ya pili, kwenye kopo la maziwa lililokwisha rangi. Ndiyo maana aliitafuta kila mahali isipokuwa hapo.

Tusifichane. Yusrah alizaliwa ndani ya nyumba hiyo. Ilijengwa kwa ajili ya meneja wa shamba la katani, pale Kilosa, na shamba lilipokufa ikaangukia mikononi mwa familia ya babu yake, aliyetoka Songea kuja kukata mkonge. Sakafu ya saruji nyekundu, baraza lililozungushiwa wavu, na sebuleni benchi refu la stesheni ambalo hakuna anayekumbuka lilifikaje. Sasa ilikuwa mtandaoni kama apatimenti ya wageni, na watu wa mjini waliochoshwa na hoteli walikuja kulala humo na kupiga picha na benchi. Mwenye nyumba aliyewapokea Jumamosi asubuhi, akawawekea funguo mezani na kuwaonyesha vyumba viwili, chake Abubakari kile cha mbele na chake Yusrah kile cha nyuma, alikuwa Bi Joha. Mama yake mzazi.

Abubakari hakujua. Alichojua ni kwamba mchumba wake kwao ni Zombo, anakoishi baba yake mdogo na, kwa alivyoambiwa, mama yake, kwamba barua ya posa ilipelekwa kwa baba mdogo mwezi mzima uliopita na majibu hayajarudi, na kwamba mwanaume hatii mguu ukweni kabla ya majibu. Yeye ni mpima ardhi wa Morogoro. Jumatatu alikuwa na viwanja vya kupima Mikumi, na alitaka walale hotelini hukohuko. Yusrah ndiye aliyembembeleza waanzie Kilosa.

Mpango ulikuwa wa Bi Joha.

"Hotelini kila mwanaume ni mstaarabu," alimwambia binti yake kwa simu siku barua ilipofika. "Anatandikiwa, anapikiwa, sahani inaondolewa mbele yake. Mlete akae kwangu siku tatu kama mgeni. Asijue mimi ni nani. Ukimwambia kabla ya siku tatu, hiyo barua nitairudisha ilikotoka."

Yusrah alikubali, kwa sababu alimpenda Abubakari na aliitaka ile barua ijibiwe. Hakujua siku tatu ni ndefu kiasi gani.

Mambo yalianza kwenda kombo mapema. Abubakari aliomba shuka nyingine, mama mwenye nyumba akaziacha kwenye kiti nje ya mlango. Akamwomba aje amwonyeshe chandarua kinavyofungwa, mama akamwelekeza akiwa koridoni, uso umeelekea ukutani. Asubuhi ya Jumapili kijana wa watu akatoka bafuni na taulo kiunoni kuuliza habari ya maji. Bi Joha aliacha chupa ya chai mezani, akajifunika khanga gubigubi, akapitia mlango wa nyuma, na hakuonekana kwa saa nzima.

"Huyu mama ana nini na mimi?" Abubakari aliuliza. "Nimelipia nyumba yenye mwenyeji, mwenyeji mwenyewe ananikimbia."

"Ana aibu tu."

"Aibu ya nini? Au kuna kitu anakijua, anashindwa kuniangalia usoni?"

Alasiri wakaenda genge la jirani kununua nyanya. Muuzaji, Makarius, alikuwa amehamia mtaa ule mwaka huu. Alimwona Yusrah akatabasamu meno yote nje.

"Karibu tena dada. Leo hujaja na yule kaka wa pikipiki nyekundu? Mwezi uliopita mlikaa siku nne pale kwa Bi Joha, ukaniahidi mtarudi wote."

Nyanya moja ilimponyoka Yusrah. Abubakari akaiokota, akaifuta vumbi, akalipa, akasema asante.

Walipoingia sebuleni ndipo alipouliza.

"Pikipiki nyekundu ni ya nani?"

"Abuu, tule kwanza."

"Sina njaa. Nakuuliza kwa upole, Yusrah. Ulikuwa hapa siku nne mwezi uliopita?"

"Nilikuwa."

"Uliniambia uko Zombo, unamsaidia mama yako kuvuna."

"Naomba unipe mpaka kesho. Nitakueleza kila kitu."

"Kesho kuna nini ambacho leo hakipo?"

Yusrah alitamani sakafu nyekundu ipasuke immeze. Neno moja tu lingemwokoa, na neno hilohilo lingerudisha barua ya posa ilikotoka.

Abubakari akageukia upande wa baraza. "Mama, samahani. Naomba uje kidogo."

Bi Joha akaja mpaka kwenye mlango wa wavu, akasimama upande wa pili, macho chini.

"Mama, nakuuliza kama mzazi wangu. Huyu binti amewahi kulala ndani ya nyumba hii kabla ya jana?"

Yusrah akamtazama mama yake. Sema, alimwomba kwa macho. Sema yote yaishe.

"Amewahi," Bi Joha alijibu.

"Alikuwa na mwanaume mwenye pikipiki nyekundu?"

"Alikuwa naye."

"Mama," Yusrah alisema.

"Mengine hayanihusu kuyasema," Bi Joha akamalizia, na hakusogea pale alipo.

Abubakari alishika mgongo wa kiti. Alikishika kwa nguvu mpaka mishipa ya mkono ikasimama, na Yusrah akajikuta amerudi nyuma hatua mbili. Alimkumbuka dada yake Mwajabu. Nyuma ya wavu, Bi Joha naye aliinua macho, akautazama mkono ule.

Mkono ukaachia kiti.

"Nashukuru kwa kunieleza, mama."

Akaingia chumba cha mbele, akafunga mlango taratibu. Wakasikia kabati likifunguliwa, kisha kitu kikigongwa mara tatu, kisha, ajabu, ufagio. Alitoka na begi begani. Ufunguo aliushika kwa mikono miwili, akaunyoosha kuelekea mlango wa wavu.

"Weka hapo mezani, mwanangu," Bi Joha alisema haraka.

Akauweka. "Mama, nilikusumbua na mambo ya shuka. Nisamehe." Halafu akamgeukia Yusrah. "Nauli ya kurudi Morogoro unayo?"

"Ninayo."

"Haya. Baki salama."

Pikipiki yake ikanguruma uani, ikashika njia ya Mikumi. Yusrah alisimama mpaka mlio ukapotea, ndipo akamgeukia mama yake.

"Umenimaliza, mama. Ulikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba ni ndugu yake, ukalimeza."

"Nenda chumbani kwake ukaangalie amevunja nini."

"Kwa nini usiende wewe?"

"Mimi niingie chumba cha mkwe wangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumtoka. Yusrah alilisikia, lakini hasira zilikuwa zimemjaa, akaenda akiburuza miguu. Alirudi amepoa.

"Hajavunja kitu. Kitanda kimetandikwa, chandarua kimefungwa, kikombe kimeoshwa. Ule mlango wa kabati uliokuwa unaning'inia ameupigilia msumari."

Bi Joha akakaa kwenye benchi la stesheni kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani.

"Siku ile supu ilipochelewa, mume wa dada yako alivunja nini?"

"Jino la Mwajabu."

"Na barua yake niliijibu mimi siku moja tu. Alinipokea kwenye ukumbi wa hoteli, ananivutia kiti, ananiita mama kila neno la tatu. Nikamkabidhi mwanangu. Huyu nilitaka nimwone akikasirika, Yusrah. Sikuwa na njia nyingine ya kumwona."

"Umemwona yeye. Mimi umeniona? Nimesimama hapa naonekana malaya mbele ya mtu ninayempenda, na wewe unachungulia."

Simu ya Yusrah ikatetemeka saa kumi na mbili jioni.

"Nimefika Mikumi salama. Usinipigie leo. Nina hasira na sitaki nikwambie neno ambalo kesho nitalijutia."

Yusrah aliusoma ujumbe huo kwa sauti. Mama yake akausikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka.

"Alfajiri kaka yako Hussein akupeleke na pikipiki yake. Mwambie yote. Majibu ya barua nitampigia baba yako mdogo sasa hivi."

Basi Jumatatu asubuhi, baada ya vumbi la Zombo kuwaingia mpaka masikioni, Yusrah na kaka yake wakaingia Mikumi. Nyumba ya wageni aliyolala Abubakari, ileile aliyokuwa ameitaja tangu mwanzo, ilikuwa kando ya barabara kuu, malori ya Iringa yamejipanga mbele yake. Abubakari alikuwa uani akifunga kifaa chake cha kupimia nyuma ya pikipiki. Aliinua macho, akaiona pikipiki nyekundu, akamwona Yusrah ameketi nyuma ya mwanaume.

Akaacha kamba ikaanguka.

"Umenifuata naye mpaka hapa?"

"Abuu, nisikilize."

"Kaka," alimwambia Hussein, "mimi sina ugomvi na wewe. Mchukue mwende."

"Nitamchukua nimpeleke wapi?" Hussein alivua kofia ya pikipiki. "Mimi ni Hussein, ndugu yake. Tumbo moja. Mwezi uliopita tulikuwa kwa mama tunabadilisha bati."

"Kwa mama yupi?"

"Yule uliyekuwa unamwagiza shuka," Yusrah alisema.

Abubakari aliwatazama kwa zamu. Alikaa juu ya ngazi ya saruji polepole, kama mzee, akaweka mikono usoni.

"Yule mama," alisema kutoka ndani ya viganja. "Nilitoka na taulo mbele yake."

"Ulitoka."

"Nilimwita aje chumbani kunifungia chandarua. Mkwe wangu."

Hussein alikohoa, akageuka kutazama malori. Mabega yalikuwa yanamcheza. Yusrah naye alikaribia kucheka, ila Abubakari alipoondoa mikono, uso haukuwa na kicheko.

"Kwa hiyo nilikuwa kwenye mtihani. Na wewe ulikuwa unasimamia."

"Ndiyo."

"Mimi nilikupeleka kwetu mwezi wa kwanza tu tulipojuana. Mama yangu alikufungulia chumba chake. Hukuchunguzwa."

"Najua. Nilikosea, Abuu. Ningeweza kukataa, nikaogopa mama atarudisha barua. Nikaona afadhali nikudanganye siku tatu kuliko kukukosa maisha. Jana ulipoondoka ndipo nikajua ningekukosa hivyohivyo."

"Na kama ningevunja kile kiti?"

"Barua ingerudi."

"Basi kwenu mtu anapendwa kwa kutovunja kiti."

Neno hilo lilimchoma, akalia palepale mbele ya madereva wa malori. Hakujificha na hakuomba lolote. Abubakari akainuka kwenye ngazi, akasema, "Mpigie mama yako. Weka sauti nje."

Simu ililia mara moja tu.

"Shikamoo, mama," Abubakari alisema.

Hussein akakaza macho kwenye simu. Mama yao hajawahi kuzungumza na mume wa Mwajabu kwa simu hata mara moja.

"Marahaba, Abubakari. Uko na mwanangu hapo?"

"Niko naye."

"Basi usikie wote wawili. Aliyekukosea ni mimi, huyu nilimfunga mdomo. Jana nilisema kweli nusu ili nikuone, nikamvunjia heshima binti yangu mwenyewe ndani ya nyumba yake. Mimi ni mtu mzima, na kuomba radhi kwa mtoto si jambo jepesi. Nakuomba radhi. Na wewe Yusrah, nakuomba radhi."

Yusrah alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Hakuwahi kuyasikia maneno hayo kutoka kwa mama yake tangu azaliwe.

"Barua yako imejibiwa tangu jana," Bi Joha aliendelea. "Kama bado unataka majibu, yako kwa baba yake mdogo. Kama hutaki, sitakulaumu. Lakini chumba cha mbele nimekitoa kwenye mtandao asubuhi hii. Hakipangishwi tena."

"Kwa nini, mama?"

"Mkwe akija, utamlaza chumba cha wageni?"

Lori moja liliwashwa barabarani, mlio ukaifunika simu. Lilipopita, Abubakari alikuwa ameshika mkono wa Yusrah, na simu ilikuwa katikati yao.

"Majibu nitayafuata Ijumaa, mama, na wazee wangu," alisema. "Nitakuja na randa. Ule mlango wa jikoni nitauweka sawa."

"Usiuguse."

"Mama, unakwama vibaya."

"Haukwami kwa watu wa nyumba hii," Bi Joha alisema. "Inua kwanza, ndipo usukume. Utauzoea."